Dawa ya moyo ninayo, ya chafya nimeze ipi?

SWALI: Mfamasia, mwanangu, nina miaka 61, naishi Dodoma. Tangu mwaka jana nameza amiodaroni ya miligramu 200 kila asubuhi, maana moyo ulikuwa unakwenda ovyo. Sasa upepo wa Agosti umeleta vumbi lake: macho yanawasha, pua inachuruzika, usiku silali kwa chafya. Jirani amenipa vidonge vyake vya mafua. Nimewaza niache cha moyo siku mbili nimeze hivyo, halafu nirudie. Nitakosea?
Mama wa Dodoma

JIBU: Shikamoo mama. Nakuomba sana, cha moyo usikiache. Amiodaroni haitoki mwilini kwa siku mbili. Hukaa wiki nyingi, hata miezi. Ukiruka, vidonge vya jirani vitaikuta palepale, na wewe utakuwa umevuruga matibabu bure.

Hivyo vidonge, vaa miwani usome maandishi madogo ya nyuma. Ukiona neno linaloanza na "pseudo", mrudishie mwenyewe. Hiyo ni pseudoefedrini: inafungua pua kwa kubana mishipa ya damu, na moyo nao inaukimbiza. Mwaka wangu wa kwanza dukani nilimuuzia mzee mmoja vidonge vya namna hiyo bila kumuuliza anatumia nini kingine. Jioni alirudi, kiganja kifuani, akaniambia, "Binti, humu ndani kuna ngoma." Alipona, lakini tangu siku ile sitoi dawa ya mafua kabla sijauliza habari za moyo.

Dawa za aleji nazo si zote salama kwako: prometazini, ile wengi wanaiita Phenergan, usiiguse, wala hidroksizini. Kila baada ya pigo, moyo hujipanga upya kwa umeme wake kabla ya pigo lijalo. Amiodaroni inaurefusha muda huo kwa makusudi. Dawa hizi zinaweza kuurefusha kupita kiasi, mapigo yakavurugika ghafla, mtu akazirai au hata kufa. Yameshatokea. Terfenadini ilipendwa sana kwa aleji kwa kuwa haileti usingizi, lakini mwaka 1998 iliondolewa sokoni Marekani kwa kosa hilihili. Ini lilikuwa likiigeuza kuwa feksofenadini, isiyo na madhara hayo. Ini likizuiwa na dawa nyingine, terfenadini yenyewe ilibaki kwenye damu na kuufikia moyo.

Kwa hiyo muulize daktari wako wa moyo kuhusu feksofenadini au setirizini, nayo ni dawa ya aleji. Akikubali feksofenadini, imeze kwa maji, si juisi, maana juisi ya matunda inaipunguza nguvu. Kama figo zako zina shida, mwambie, kwani kipimo kitabadilika. Ukiwa unaharisha, au unatumia vidonge vya kukojosha, mwambie pia: potasiamu ikishuka, moyo wa mtu anayetumia amiodaroni unakuwa hatarini zaidi.

Wakati unasubiri kumwona, nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, jifunge kitambaa puani, na usafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Ipo pia dawa ya steroidi ya kupulizia puani, inayofanya kazi humohumo puani. Huchukua siku kadhaa kuleta nafuu, usiikatie tamaa. Si ile ya kuzibua pua papo hapo, hiyo nayo inabana mishipa.

Ukizirai, au ukasikia kizunguzungu huku moyo unaruka, nenda hospitali saa ileile. Na siku ya kliniki, beba ile pakiti ya jirani, daktari aione mwenyewe.