Mfereji kwanza, tundu baadaye: jibu kwa dada wa Bungoma

Dada, umeuliza kama daktari amemkatia tamaa mwanao wa miezi mitano mwenye Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, kwa kuwa amesema atawekewa mfereji tu, yaani mrija wa kupeleka damu mapafuni, na tundu la moyo litazibwa baadaye. La, hajamkatia tamaa. Wangu alianza hivyo hivyo.

Sisi tuko Nakuru. Binti yangu alitibiwa nimonia mara tatu kwenye zahanati moja, hadi muuguzi fulani alipomvisha kile kifaa cha kidoleni akakuta oksijeni kwenye damu ni asilimia 71 tu. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ndiyo ilitoa ukweli: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia ya kwenda mapafuni imebana, mshipa mkuu umekaa juu ya tundu, na msuli wa kulia umenenepa kwa kusukuma. Damu isiyofika mapafuni inarudi mwilini bila oksijeni. Ndiyo hiyo rangi ya buluu ya midomo unayoiona akilia.

Mfereji ni mrija wa milimita chache unaochota damu kwenye mshipa wa mkono na kuipeleka mapafuni. Chanzo chake ni upasuaji wa Baltimore, Marekani, Novemba 1944: wazo la Dkt. Helen Taussig, daktari wa moyo wa watoto, mkono wa daktari mpasuaji Alfred Blalock, na nyuma yake Vivien Thomas, fundi wa maabara aliyekuwa amezoea kazi hiyo kwa mbwa, akimwelekeza Blalock. Mfereji hauponyi. Unampa mtoto muda akue, mishipa ya mapafu nayo ipanuke, ndipo moyo ufunguliwe.

Nakuomba ushike hili, maana sisi tuliambiwa kwa kuchelewa: mwenye mfereji akihara au akitapika, usingoje kukuche. Maji yakipungua mwilini damu huwa nzito, na mrija unaweza kuziba. Aspirini akiandikiwa, usiruke hata siku moja.

Kwa sasa, akigeuka rangi na kuhema, mkunje magoti hadi yaguse kifua, mkumbatie hivyo hivyo, mtulize, kisha mbio hospitali. Mimi mara ya kwanza nilimrusharusha nikilia, akazidi. Wakubwa kidogo huchuchumaa wenyewe, mwili unajua.

Binti yangu alizibwa tundu akiwa na mwaka na miezi minne; leo yuko gredi ya pili. Vali ya mapafu, kile kilango cha damu iendayo mapafuni, inavuja kidogo, hivyo kliniki haijaisha, na meno yake nayakagua kila jioni kwa sababu vijidudu vya jino bovu huweza kufika moyoni. Ukipewa tarehe, niandikie hapa.