Barua kwa mwanangu anayetaka kuwa injinia wa meli

Moshi

Mwanangu Aikande,

Nyumbani hatujambo, na mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza mambo matatu: ukimaliza diploma ya ufundi mitambo hapo Arusha, je, uinjinia wa meli bado ni kazi ya kuingia, maana unasikia mafuta yanaachwa na meli zitajiendesha zenyewe? Kama ni kazi, uanzie wapi? Na yule wakala anayetaka umlipe ili akupeleke melini ni wa kuaminiwa?

Naanza na huyo wakala, maana ndiye anayeweza kukumaliza kabla hujaanza. Usimpe hata shilingi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, wenyewe mabaharia wanauita MLC, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama zako halali ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Viza ni juu ya mwenye meli. Mwombe leseni yake ya uwakala, jina la meli, na namba ya IMO ya meli hiyo, ambayo ina tarakimu saba na haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina, bendera au mwenyewe. Akianza kuzunguka zunguka, achana naye.

Sasa hizo meli zisizo na watu. Mfano unaotajwa kila mara ni Yara Birkeland ya Norway, inayotumia betri na kubeba makontena 120. Lakini safari zake ni fupi, za pwani, na kila inakofika kuna umeme na mafundi. Meli inayotoka Asia kuja Dar es Salaam inakaa baharini wiki kadhaa, na bomba likipasuka katikati ya Bahari ya Hindi hakuna wa kupigiwa simu. Ninavyoona mimi, daraja la nahodha, yaani chumba cha kuongozea meli, litapungua watu mapema kuliko chumba cha injini. Kompyuta inaweza kushika usukani, ila bado sijaiona inayobadilisha sili ya pampu inayovuja.

Kinachobadilika ni aina ya hitilafu. Chukua meli ya makontena Dali, iliyogonga daraja la Francis Scott Key kule Baltimore tarehe 26 Machi 2024 na kuua mafundi sita waliokuwa wakifanya kazi juu ya daraja. Ni meli ya mita 300 hivi, na wachunguzi wa Marekani walifuatilia chanzo hadi kwenye waya mmoja mdogo wa ishara. Kipande cha lebo kilichovishwa kwenye waya kilikuwa kimekaa vibaya, kichwa cha waya hakikuingia hadi mwisho kwenye tamino, yaani tundu la kuungia waya, waya ukalegea, breka (swichi kuu ya umeme) ikafunguka yenyewe na meli ikazimika umeme. Umeme uliporudi, ukakatika tena. Kisa cha mara ya pili ni pampu ya kusukuma mafuta kwenda kwenye jenereta: ilikuwa ni pampu ya kusafishia mabomba, imegeuziwa kazi, na haikuundwa kujiwasha yenyewe baada ya umeme kukatika. Jenereta zikakosa mafuta.

Soma aya hiyo tena. Hakuna pistoni iliyovunjika wala bolti iliyokatika. Waya na pampu isiyo mahali pake, basi. Kwa hiyo ukiingia fani hii, shika umeme na mifumo ya udhibiti kwa nguvu ile ile unayoshikia injini. Usiridhike kuona waya umeingia kwenye tamino: uvute kidogo kwa mkono, halafu ukaze skrubu kwa kipimo cha mtengenezaji. Na pampu ya akiba ijaribiwe kwa kuizima kweli ile inayofanya kazi, siyo kwa kuangalia taa kwenye paneli. Siku hizi kuna hata cheti cha kimataifa cha ofisa wa umeme wa meli peke yake, na kwa mtu wa tabia yako ningesema kifikirie.

Upande wa mafuta, Shirika la Bahari la Kimataifa, IMO, lilipitisha mwaka 2023 mkakati wa kufikisha hewa chafu ya meli kwenye sifuri kufikia mwaka 2050 au karibu na hapo. Oktoba 2025 nchi zilishindwa kukubaliana juu ya kanuni za malipo ya hewa hiyo, wakaahirisha kwa mwaka mmoja. Wenye meli hawajui dau lao waliweke wapi, kwa hiyo wengi wananunua injini zinazochoma mafuta ya aina mbili. Meli hudumu miaka 25 hivi. Maana yake kizazi chako kitafanya kazi na mafuta mazito ya zamani na haya mapya kwa pamoja, mara nyingine ndani ya meli moja.

Kati ya hayo mapya, methanoli ni kimiminika kwenye joto la kawaida, haihitaji kupoozwa, lakini nguvu yake ni chini ya nusu ya dizeli kwa uzito. Injini inayokula tani 20 za dizeli kwa siku itataka zaidi ya tani 42 za methanoli, na matangi yanakula nafasi ya mzigo. Inatoa mvuke unaoshika moto kwenye nyuzi 11 au 12 tu, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Unaweza kuuingia ukidhani ni joto la kawaida. Amonia haina kaboni kabisa, inageuka kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, na ni sumu. Ikivuja ya baridi haipandi juu kama vitabu vya fizikia vinavyosema gesi nyepesi hufanya. Inatambaa chini kama wingu jeupe, na ukimwagia maji dimbwi lake unalipa joto na kulichemsha zaidi. Maji hupuliziwa mvuke, siyo dimbwi. Ndiyo maana kazi kwenye meli za mafuta ya namna hii inadai kozi ya ziada juu ya vyeti vya kawaida. Wenye kozi hiyo bado si wengi, na hapo ndipo nafasi ilipo.

Usiyadharau ya zamani hata hivyo. Tangu Mei 2025 Bahari ya Mediterania hairuhusu mafuta yenye salfa zaidi ya asilimia 0.10, kwa hiyo meli inayopita Suez kwenda kaskazini, kama haina mtambo wa kusafisha moshi, inabadilisha mafuta njiani. Mafuta mazito huingia kwenye injini yakiwa nyuzi 120 hadi 140, ili mnato (uzito wa kutiririka) ushuke hadi 10–15 kwa kipimo cha sentistoki. Dizeli huingia kwenye nyuzi 40 hivi, na mnato wake usishuke chini ya 2. Ukishusha joto, usizidi nyuzi 2 kwa dakika. Kutoka 130 hadi 40 ni dakika 45 kwa uchache. Mwenye haraka anaona plunja, ile pistoni ndogo ya pampu ya mafuta, inakwama, kwa sababu chuma cha nje na cha ndani havisinyai sawa na nafasi kati yao ni ya mikroni chache. Halafu dizeli inaosha uchafu uliolala kwenye mabomba miaka yote na kuuleta kwenye chujio, kwa hiyo weka chujio safi tayari. Zoezi lote limalizike kabla ya kuingia kwenye mipaka ya Mediterania, na kwenye kitabu uandike saa, mahali meli ilipo na kiasi kilichomo kwenye kila tangi. Mkaguzi anaanza na kitabu hicho.

Kuhusu pa kuanzia: Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, ndiyo njia ya karibu. Lakini kabla ya kulipa ada fanya vitu viwili. Kwanza kapimwe macho, hasa kutofautisha rangi, maana cheti cha afya cha baharia kina kipimo hicho na wengine wanagundua wameshamaliza mwaka. Pili, uliza chuo kwa maandishi: kadeti (wanafunzi wa mafunzo ya melini) wa mwaka jana walipata meli zipi, na wangapi bado wanasubiri?

Naliweka hili wazi kwa sababu darasa si tatizo. Mlango mwembamba ni muda wa baharini. Kwa cheti cha ofisa wa zamu ya injini, ukipitia mafunzo ya chuo yaliyoidhinishwa, unahitaji miezi 12 ya karakana na baharini, ikiwemo isiyopungua 6 ya kushika zamu chini ya ofisa, na kitabu cha mafunzo kilichosainiwa kazi moja moja. Bila mafunzo ya namna hiyo, inakuwa miezi 36. Injini kuu iwe ya kilowati 750 au zaidi, kwa hiyo boti ndogo ya uvuvi haikusaidii. Muda wa Ziwa Victoria au Tanganyika unakupa mkono mzuri, ila mkataba wa kimataifa wa vyeti vya mabaharia unahusu meli za baharini. Waulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli, kabla hujajifunga miezi sita Mwanza ukitegemea itahesabiwa. Kitabu chako kisainiwe kila wiki. Chifu, yaani injinia mkuu, akishuka meli bila kusaini, kumtafuta ni kazi nyingine.

Ugumu upo na sikufichi. Meli zilishambuliwa Bahari ya Shamu kuanzia Novemba 2023, mabaharia wakafa, na nyingi zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema. Unapopewa mkataba, soma njia ya meli na kifungu cha kukataa eneo la vita. Wanawake walikuwa asilimia 1.28 tu ya mabaharia wenye vyeti katika hesabu ya dunia ya mwaka 2021. Uliza kabla ya kupanda kama kuna wengine melini na kama chumba kinafungwa kwa ndani. Ovaroli na buti za saizi yako ni haki yako, MLC inasema hivyo tangu Desemba 2024. Kupumzika ni saa 10 katika kila 24, na ukiona karatasi ya saa za kazi inajazwa ya mwezi mzima siku moja, ujue meli hiyo ikoje.

Na ukichoka na bahari, mtu anayejua boila, tabaini na jenereta hakosi kazi bara. Kiwanda cha sukari cha TPC hapa chini kina mitambo hiyo hiyo, na mabwawa ya umeme ya mto Pangani yana tabaini na jenereta. Kampuni ya Songoro pale Mwanza inaunda vivuko.

Mjomba wako anashuka Dar Jumatatu. Nitumie nakala za matokeo yako kabla ya Ijumaa, zilizothibitishwa, aulizie DMI kama diploma yako inakuondolea mwaka wowote.

Baba yako