Usikae meza moja na wasanifu wenzako

Semina yangu ya kwanza ya mafunzo endelevu ya sisi wasanifu wa majengo niliingia ukumbini saa moja na nusu asubuhi, wahudumu hawajamaliza hata kupanga chupa za maji. Nilikuwa nimeazima koti la kaka yangu, nimechapisha kadi 100, na nina hakika kabisa kwamba nitatoka na kazi. Nikakaa meza ya nyuma na wenzangu watano tuliomaliza pamoja Chuo Kikuu Ardhi. Siku mbili nzima tukacheka yetu, tukala sambusa pamoja, tukapiga picha pamoja. Kadi niligawa kama 40, nyingi kwa watu ambao nao walikuwa wanagawa zao. Hakuna aliyenipigia. Mmoja tu alituma ujumbe, akiuliza kama ofisini kwetu kuna nafasi. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na miezi miwili sijalipwa.

Ilinichukua karibu miaka mitatu kuona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye meza.

Msanifu mwenzako wa rika lako anatafuta kile kile unachokitafuta, na anajua yale yale unayoyajua. Kukaa naye ni raha, wala sikukatazi. Ila hapa Dar es Salaam mteja haanzi kwa msanifu. Anaanza kwa mpima ardhi aliyempimia kiwanja chake cha Kigamboni au Bunju. Anaanza kwa fundi aliyemjengea shemeji yake. Anaanza kwa mkadiriaji majenzi aliyesoma naye sekondari, amuulize "hivi nyumba ya vyumba vinne siku hizi ni kama shilingi ngapi?" Akifika kwako, tayari ana matofali yameshushwa saiti na picha ya nyumba aliyoiona kwenye simu. Kwa hiyo wanaomjua mteja kabla yako ni hao. Na ukichunguza, wanaojua usichokijua ni hao hao.

(Kabla sijaendelea: Bodi inayotusajili inatuita wabunifu majengo, vyuoni wengi tunasema wasanifu, mafundi wanaita kila aliyevaa kofia ngumu "injinia", na mama yangu anawaambia majirani kwamba mwanaye anachora ramani. Nitatumia msanifu, kwa mazoea tu.)

Semina iliyofuata nilikaa kwa wakadiriaji. Ni jambo rahisi kwa sababu Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ni moja, inatusajili sote chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, na kwenye mafunzo tunachanganyika. Tunachanganyika kwenye orodha ya majina, niseme hivyo, maana ukumbini utaona kabisa upande huu wao, upande huu sisi. Nikavuka. Jirani yangu alikuwa dada mmoja aliyenizidi kama miaka kumi, amefungua mbele yake michoro ya mtu anayoitengenezea makadirio, na uso umekunjamana. Nikamuuliza kuna nini. Akanionesha.

"Chumba kina upana wa mita 2 na sentimita 50. Bodi ya jipsamu ina mita 2 na 40. Hizo sentimita 10, nyie wasanifu mnadhani nani anazilipa?"

Michoro haikuwa yangu, lakini ingeweza kuwa. Nilikuwa na nyumba nzima mezani kwangu ofisini yenye vyumba vya hivyo. Chai nzima tukazungumzia vipimo: bodi ya dari mita 1.2 kwa 2.4, nondo mita 12, vigae sentimita 60 kwa 60, na namna msanifu anavyoweza kumpunguzia mteja mabaki bila kuharibu kitu chochote kwenye sura ya nyumba. Nilikaa chuoni miaka mitano na sikumbuki mtu aliyeniambia hayo kwa namna ile. Kabla hatujaachana sikumpa kadi. Nilimuomba aniangalizie mchoro mmoja kabla haujaenda kwa mteja. Akaurudisha baada ya wiki, umejaa kalamu nyekundu. Miezi mitano baadaye akanipigia: "Kuna mzee hapa anataka ghorofa moja Tabata, msanifu wake kasafiri, unaweza?"

Hapo ndipo ushauri wangu wote ulipo, mengine ni nyongeza. Usimuombe mtu kazi. Muombe akukosoe, na umpelekee kitu chenyewe, mchoro wenye mstari na kipimo. Anayekukosoa anajifunza zaidi unavyofanya kazi kuliko anavyoweza kujifunza kwenye wasifu wa kurasa nne.

Sasa, ukienda mafunzoni nenda na swali la saiti. Nitasimulia langu, ingawa halinipi sifa.

Nyumba yangu ya pili ilikuwa Mbweni, na mteja alitaka paa la kuficha, yale ya ukuta kupanda juu ili bati lisionekane barabarani. Ndiyo mtindo wa mjini, kila mtu anautaka. Nikachora. Masika yaliyofuata mteja akanipigia saa tano usiku: maji sebuleni, yanashuka kwenye taa. Asubuhi yake nilikwenda nimeshajiandaa kumlaumu fundi. Nikaenda na mzee mmoja fundi bati wa Mbagala, niliyempata kupitia mkandarasi mdogo tuliyekuwa tunafahamiana. Tukapanda. Ndani ya mfereji wa paa kulikuwa na majani ya mwembe, kandambili moja ya mtoto, na maji yamesimama kama bwawa. Mzee akatazama tundu la kutolea maji, akanitazama mimi.

"Mwanangu, paa lote hili, na bomba moja la inchi tatu? Nani alilichora?"

Nilimjibu ukweli. Akanifundisha pale pale, tumechuchumaa juani. Matundu ya kutolea maji yasipungue mawili, maana moja likiziba lazima lingine lifanye kazi. Bomba liwe inchi nne. Mfereji uwe na mteremko wa kuonekana kwa macho, na upana wa mtu kuingiza mguu akasafisha, kwa sababu usiposafishika hautasafishwa. Utobolewe ukuta tundu la dharura, chini kidogo ya pale bati la kuzibia, lile linalofunika maungio ya paa na ukuta, linapokutana na ukuta, ili maji yakizidi yatoke nje na mwenye nyumba ayaone, badala ya kuingia ndani. Na lile bati la kuzibia lichimbiwe ndani ya ukuta. Kulibandika juu ya plasta na kulipaka gundi hakutoshi. Nikachora yote aliyosema, nikarekebisha paa lile kwa gharama yangu. Iliniuma. Kilichobaki ni ule mchoro.

Miezi michache baadaye kwenye semina mtoa mada alikuwa anazungumzia vifaa vya kuezekea. Kwenye maswali nikasimama, nikaeleza kosa langu kama nilivyolieleza hapa, nikauliza mfereji wa aina hiyo ni bora uwe wa zege au wa bati. Ukumbi ukachangamka, na mabishano yakaendelea mpaka chakula cha mchana. Watu watatu walinifuata kwenye foleni ya pilau, kila mmoja na paa lake linalovuja. Mmoja wao ni mhandisi wa miundo ambaye mpaka leo tumefanya pamoja kazi nne. Sijawahi kupata rafiki wa kazi kwa kusimulia ushindi wangu. Watu wanasikiliza, wanapiga makofi, wanarudi kwenye simu zao.

Kuhusu usajili nitasema machache, ila msiyapite. Nina wenzangu wenye mikono mizuri kuliko yangu ambao mwaka wa saba huu wanachora chini ya muhuri wa mtu mwingine. Sababu kubwa haikuwa mtihani. Ilikuwa kumbukumbu za kazi, zile za kuombea usajili, zisizojazwa. Jaza kila Ijumaa jioni, na usainiwe kila mwezi, bosi akiwa bado bosi wako. Ofisi yangu ya kwanza ilifunga mlango ghafla, nami nikabaki namtafuta aliyekuwa msimamizi wangu mji mzima kwa ajili ya saini za miezi tisa. Nilimpata msibani. Alisaini, Mungu ambariki, juu ya boneti ya gari.

Bodi utaiendea kwa sababu sheria inakutaka. Chama cha Wasanifu Majengo, AAT, unakiendea kwa kupenda, na vijana wengi wanakipuuza kwa kudhani ni cha wazee. Mimi kilichonivuta ni jengo. Pale Sokoine Drive, mkabala na bandari, kuna Boma la Kale lililojengwa 1866 na 1867 enzi za Sultani Majid, kuta za mawe ya matumbawe na dari za boriti. Ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu cha Dar es Salaam, DARCH, ambacho AAT ina mkono wake. Nenda siku ya kawaida, uangalie maonesho ya namna mji huu ulivyokua, na uzungumze na utakaowakuta. Kuanzia hapo tulianzisha, sisi wanne, mtindo wa kutembea asubuhi ya Jumamosi moja kila mwezi: jengo moja, na kila mtu lazima achore kiungo kimoja kwa mkono. Tumekwenda kanisa la pamoja la Wakristo pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi ya Anthony Almeida, aliyezaliwa mji huu huu mwaka 1921. Tumezunguka Soko la Kariakoo la marehemu Beda Amuli, ile miamvuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, na shimoni kwake. Soko lilifunguliwa 1975 na moto ukaliunguza Julai 2021, na siku ile kundi letu la simu lilikuwa na huzuni ya kweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshawahi kuuchora ule mwamvuli. Sasa hivi tunafika 15. Wawili ni wakadiriaji, mmoja mpima ardhi. Hatuna jina wala mwenyekiti, na ninaomba tusiwe navyo.

Wazo la asubuhi ya Jumamosi lilikuwa la dada mmoja kati yetu. Alisema wazi kwamba maongezi ya maana ya semina zetu huhamia jioni baa, na yeye ana watoto wawili na hanywi, kwa hiyo kila mara anasikia habari za kazi siku tatu baadaye. Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Kama wewe ndiye unayepanga mikutano, panga supu ya saa mbili asubuhi.

Sabasaba usiende kula nyama tu. Ni Julai kila mwaka, kampuni za vifaa vya ujenzi zinakuwa na mabanda, na siku za katikati ya wiki mchana yule kijana wa bandani ana muda wa kukueleza rangi yake inakaa vipi karibu na bahari. Muulize inashindwa wapi. Asiyetaka kujibu, mpite. Na siku usiyo na hela ya kiingilio chochote, nenda Keko ukakae na maseremala kwa muda wa saa mbili. Utachora makabati tofauti.

Makundi ya WhatsApp ninayo saba, yenye faida ni mawili. Tofauti ninayoiona ni kwamba katika hayo mawili watu wanatuma picha ya kitu na swali, na katika yale matano wanatuma "habari za asubuhi wakuu" na tangazo la kiwanja. Ukituma picha ya kazi, muombe mteja ruhusa kwanza, na mtaje aliyechora nawe. Niliwahi kuona mchoro wangu wa ngazi kwenye ukurasa wa mtu, umefutwa jina. Sikugombana. Ila ninamkumbuka, na wakadiriaji ninaowajua nao wanamkumbuka.

Ada za mafunzo ni nzito kwa kijana, sitajifanya sizioni. Mimi katika kila malipo ya mteja natenga shilingi 5 kwa kila 100, ziende kwenye laini ya pili ambayo namba yake ya siri anaijua mke wangu peke yake. Ofisi yako ikikataa kukulipia, iombe walau ruhusa ya siku mbili bila kukatwa mshahara, kwa sharti kwamba Jumatatu utawaeleza wenzako ulichosikia kwa dakika 20. Bosi wangu wa pili alikubali, na zile dakika 20 ndizo zilizonifundisha kusimama mbele ya wateja.

Semina ijayo nimeshalipia. Yule dada mkadiriaji kanitumia ujumbe nimshikie kiti, maana siku hizi yeye ndiye anayechelewa. Na mzee wangu wa Mbagala ameniuliza mara mbili kama fundi bati naye anaruhusiwa kuingia. Mara zote mbili nilimjibu kwa kugugumia. Safari hii nitakwenda naye mpaka mapokezi, tuulize.