Anwani yako ya barua pepe ni halali, ila fomu inaikataa

Kama jina lako ni Ndung'u, Wang'ombe, Ng'wandu au Nyong'o, na ofisini wamekutengenezea anwani ya barua pepe inayofuata jina hilo herufi kwa herufi, basi maandishi mekundu unayafahamu: "Anwani si sahihi." Anwani hiyohiyo unaitumia kila siku, barua zinaingia na kutoka, lakini ukitaka kuomba kazi, kukata tiketi au kujisajili kwenye semina, fomu inakugomea. Mimi husimamia barua pepe za ofisi ndogondogo hapa Mwanza, na jina la ukoo wetu nalo lina ritifaa, ile alama ya ('), kwa hiyo kero hii imenifika kwa njia mbili: yangu mwenyewe, na ya wale wanaonipigia simu asubuhi wakisema "email imeharibika".

Haijaharibika. Hilo ndilo la kwanza kulijua.

Anwani za barua pepe zina kanuni, na kanuni hizo hazitungwi na mwenye tovuti. Mwaka 1971 Ray Tomlinson aliichagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta, na tangu hapo nyaraka za utaratibu zimeandikwa na kusahihishwa mara kadhaa; zile mbili za msingi, RFC 5321 na RFC 5322, ni za mwaka 2008. Humo sehemu iliyo kabla ya @ inaruhusiwa kubeba herufi, tarakimu, kistari, kistari cha chini, alama ya kujumlisha, ritifaa, hata alama ya dola na ya mshangao. Nukta inaruhusiwa pia, mradi isikae mwanzoni wala mwishoni, na zisifuatane mbili. Urefu wa sehemu hiyo unaishia herufi 64. Kwa hiyo ng'wandu@example.com haina kosa lolote. (Natumia example.com kwa sababu jina hilo limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, barua yako ya majaribio haitamwangukia mtu.)

Lakini kuna sentensi moja kwenye RFC 5321 ambayo ningependa ibandikwe ukutani kwa kila anayeunda fomu: maana ya kile kilicho kabla ya @ huamuliwa peke yake na seva, yaani kompyuta, inayopokea barua. Wengine wote walio njiani, kazi yao ni kuifikisha kama ilivyo. Fomu ya kukata tiketi haina mamlaka ya kusema jina langu haliwezi kuwa na ritifaa, kama vile mhudumu wa posta asivyo na mamlaka ya kukataa barua kwa kuwa hajapenda jina la mtaa.

Kwa nini ritifaa inakataliwa hasa? Sababu ni ya zamani na kidogo ni ya aibu. Katika lugha ya SQL, inayotumika kuzungumza na hifadhidata nyingi, alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Mwandishi wa programu akiunganisha maandishi ya mteja moja kwa moja na amri ya hifadhidata, ritifaa ya Ng'wandu inaifunga amri mapema na kila kitu kinaanguka. Mbaya zaidi, mwizi anaweza kupitia mlango huohuo kupenyeza amri zake. Dawa yake inajulikana siku nyingi: tenganisha amri na data, hifadhidata ipokee jina kama jina. Wavivu wakaona rahisi kupiga marufuku ritifaa. Yaani ukoo mzima wa watu umegeuzwa kuwa hatari ya usalama kwa sababu mtu hakutaka kuandika mistari miwili zaidi.

Na kuna wanaoikubali ritifaa halafu wakaiharibu. Nimeona fomu iliyoweka mkwaju wa nyuma (\) kabla ya ritifaa, ikahifadhi anwani ikiwa hivyo, kisha ikatuma uthibitisho kwenye anwani ambayo haipo duniani. Nimepokea pia barua inayoanza "Habari Ng&#39;wandu". Huyo angalau alinifikia.

Sasa ushauri. Kama wewe ndiye unayetengeneza anwani za wafanyakazi, usiache programu izizalishe yenyewe kutoka kwenye orodha ya majina. Gmail ya bure haikuruhusu kuweka ritifaa unapojisajili, lakini Google Workspace ya kulipia inaruhusu, na hapo ndipo ofisi nyingi zinapoingia mkenge: orodha inapakiwa, anwani zinatoka zikiwa na ritifaa, hakuna anayegundua mpaka mfanyakazi akataliwe na tovuti fulani. Anwani kuu iwe bila ritifaa, ngwandu@, na ile yenye ritifaa iwe jina la ziada linaloingiza barua kwenye kisanduku kilekile. Jina linaloonekana kwa msomaji liache kamili, Ng'wandu, maana hilo ni jina la mtu na huko halileti shida ya kujisajili popote. Sipendi kumwambia mtu apunguze jina lake, ila kati ya kanuni na kupata tiketi, tiketi ina tarehe.

Angalia pia ritifaa yenyewe. Programu nyingi za kuandikia, na simu nyingi, hubadilisha ile alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, na ile iliyopinda haimo kwenye orodha ya alama za kawaida zinazoruhusiwa. Ukinakili majina kutoka kwenye barua ya ajira na kuyabandika kwenye mfumo, unaweza kuwa na mfanyakazi ambaye barua hazimfikii na hakuna anayeona tofauti. Futa alama, iandike upya kwa mkono ndani ya kisanduku chenyewe.

Kundi la pili ni sisi tunaopenda alama ya kujumlisha. Kwa asiyeijua: kwenye Gmail na huduma nyingine kadhaa, asha+kodi@ na asha+shule@ zote zinaingia kwa asha@. Unampa kila mfanyabiashara anwani yake, unachuja barua kirahisi, na siku matangazo ya mikopo yakianza kumiminika kupitia asha+duka@ unajua nani ameiuza anwani yako. Ni ujanja mzuri, na ni halali. Lakini ndio ulionisumbua kuliko ritifaa, kwa sababu alama hii mara nyingi inakubaliwa mlango wa mbele na kukataliwa mlango wa nyuma.

Hivi ndivyo inavyotokea. Unajisajili vizuri. Baadaye unataka kujitoa, unabonyeza kiungo kilicho chini ya barua, tovuti inajibu kwamba anwani yako haimo. Ndani ya kiungo cha tovuti, kwa desturi ya fomu za intaneti, alama ya kujumlisha inasomeka kama nafasi tupu. Aliyetengeneza kiungo alipaswa kuiandika %2B, hakufanya hivyo, kwa hiyo seva inamtafuta "asha kodi" na haimpati. Ukibahatika, nenda juu kwenye kiungo, badilisha + iwe %2B kwa mkono, bonyeza tena. Mimi hufanya hivyo kila ninapokutana nayo na mara nyingi inafanya kazi. Na si kwa kujitoa tu. Kiungo cha kubadilisha nenosiri kinaweza kuugua ugonjwa huohuo, na hapo sio usumbufu tena, umefungiwa nje ya akaunti yako.

Kuna kampuni moja ya usafiri, sitaitaja, ambayo tovuti yake iliikubali anwani yangu yenye alama hiyo, lakini programu yake ya simu ikaikataa. Akaunti moja, milango miwili, kanuni mbili. Tiketi yangu ilikuwa mle ndani. Aliyepokea simu huduma kwa wateja alikuwa mpole na mwenye subira, ila kila nilipomsomea anwani aliniuliza, "Kaka, una uhakika hiyo ni email?" Mwishowe alinibadilishia kwa upande wake na safari ikaenda.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: alama ya kujumlisha naitumia kwa majarida, maduka, semina na kila kitu ambacho nikikipoteza sitalia. Benki, kodi, bima, shule za watoto, vyeti na tiketi napeleka anwani kavu isiyo na pambo. Na kama una kikoa chako mwenyewe, yaani jina lako la kukaa baada ya @, una njia bora zaidi: tengeneza majina ya ziada ya kawaida, kodi@ na duka@, upate faida ileile bila alama yoyote ya kumtia mtu wasiwasi.

Kuhusu nukta, wengi wanahangaika bure. Gmail haizijali nukta kabla ya @, kwa hiyo asha.juma@gmail.com na ashajuma@gmail.com ni kisanduku kimoja. Ukipokea barua za mtu mwingine zenye nukta mahali usipoweka wewe, hajaingia kwenye akaunti yako; amekosea kuandika ya kwake. Lakini usidhani kila huduma iko hivyo. Kwingineko nukta inahesabika.

Herufi kubwa ndizo za kuangalia zaidi. Kanuni zinaruhusu seva itofautishe Juma@ na juma@, ingawa ni nadra sana seva kufanya hivyo. Tatizo liko kwenye tovuti: simu inaanzisha neno kwa herufi kubwa yenyewe, unasajiliwa kama Juma@, kesho unaandika juma@ kwenye kompyuta na tovuti inakwambia haikujui. Pili, kibodi ya simu ikikukamilishia neno huacha nafasi tupu mwishoni, na fomu ikihesabu nafasi hiyo kuwa sehemu ya anwani, imekwisha. Kabla ya kumlaumu mtu, rudisha kishale mwisho wa anwani, futa nafasi, jaribu tena.

Upande wa kulia wa @ nao una visa vyake. Kuna fomu zilizoandikwa enzi ambazo watu waliamini anwani zote zinaishia .com, .org au herufi mbili za nchi, zikawekewa kikomo cha herufi chache. Tangu 2001 kuna .info na .museum, na tangu 2017 kuna .africa, lakini fomu hizo bado zipo. Mwenye kikoa kinachoishia .africa ajiandae pia kukutana na karani atakayeandika .com kwa nia njema kabisa. Anwani zinazoishia .me.tz hupata shida ya aina nyingine: kaunta nyingi ukimaliza kutaja anwani, karani anamalizia mwenyewe, "at gmail dot com". Dawa ninayoijua ni kuandika kwenye karatasi na kumwonyesha, halafu kumwomba akusomee alichoingiza.

Walio mbali zaidi na faraja ni wenye anwani zisizo za herufi za Kilatini. Kanuni za kuruhusu anwani kamili kwa Kiarabu, Kichina na maandishi mengine zilitoka 2012, na Gmail ikaanza kupokea na kutuma barua kwa anwani hizo 2014. Oman ina kikoa chake cha Kiarabu, عمان, sambamba na .om. Ndugu zetu walioko Muscat wanaotamani anwani ya Kiarabu ningewaambia waichukue, ila waiambatanishe na ya Kilatini, kwani kila seva njiani lazima iwe imeboreshwa na nyingi bado.

Kwa vijana wanaounda fomu hizi, na wengi ni wadogo zangu kabisa: acheni kunakili ule mstari mrefu wa alama kutoka kwenye mtandao unaodai kupima anwani. Angalieni kama kuna @ moja, kitu kabla yake na kitu baada yake, ondoeni nafasi tupu za pembeni, kisha tumeni barua yenye kiungo cha kuthibitisha. Kipimo cha kweli cha anwani ni barua kufika. Kivinjari chenyewe, ukitumia kisanduku cha fomu cha aina ya barua pepe, kinakubali ritifaa na alama ya kujumlisha. Anayekataa ni msimbo wenu mlioongeza juu yake. Na kabla ya kuzindua, jaribuni anwani yenye ritifaa, yenye alama ya kujumlisha, yenye herufi kubwa na yenye kikoa kirefu, kuanzia kujisajili, kuingia, kubadilisha nenosiri, hadi kujitoa. Hapo kwenye kubadilisha nenosiri ndipo wengi huanguka.

Ukikataliwa, waandikie. Usiwaandikie kwamba mfumo wao mbovu. Aliyepo mezani hana habari na RFC. Mimi hutuma maneno haya: "Habari za kazi. Nimejaribu kujisajili kwa anwani hii, ambayo inapokea barua vizuri, na fomu imeikataa. Tafadhali mpelekeeni mtaalamu wenu picha hii ya skrini, na kwa sasa naomba msajili anwani hii nyingine." Naambatanisha picha, naweka anwani ya pili. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo hujibiwa haraka.