Asante peke yake, swali peke yake

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: ukishatoka intavyuu, uandike kushukuru na kufuatilia ama ukae ungoje simu? Mie jibu langu ni shukuru na ufuatilie, lakini jamani vitu hivi viwili msiviweke kwenye meseji moja. Hapo ndo naona wengi wanapoharibikiwa, na nasema hivi manake kazi yangu ni ya ofisini hapa mjini Mombasa, kampuni ya kuwatolea wateja mizigo yao bandarini, na barua na imeli na simu za wanaotafuta kazi zinapitia mezani kwangu kabla hazijamfikia bosi.

Meseji ninazopata sana ziko hivi: "Habari madam, asante kwa intavyuu ya jana, naomba kujua kama nimepata, nategemea sana hii kazi nina watoto na kodi." Wallahi zinaniuma, manake najua kodi ni kodi na watoto hawangoji. Lakini hebu fikiria huyu anayesoma atafanya nini nayo. Bosi hajamaliza kuona watu, hana jibu, akisema ndio atakuwa amedanganya, akisema hapana atakuwa amekukata kabla ya wakati, kwa hivyo anaiacha pale pale na kesho zinakuja zingine zinaifunika. Na ile asante ya mwanzo hata haikuonekana, kilichoonekana ni ombi.

Sasa nikwambie ya kijana mmoja aliyekuja kwetu kutafuta kazi ya karani wa kufuata makaratasi. Ndani aliulizwa tofauti ya storeji na dimareji akajibu nusu nusu, woga tu nadhani. Jioni hiyo hiyo ikaingia imeli yake, fupi: "Shukran kwa muda wenu leo na kwa kunieleza jinsi mnavyofuata kontena kutoka bandarini mpaka kwa mteja. Lile swali la storeji na dimareji nataka kulimalizia. Storeji inalipwa bandari kontena likikaa kupita siku za bure, dimareji inalipwa kampuni ya meli kwa kushikilia kontena lake, na mteja anaweza kudaiwa zote mbili kwa kontena moja. Asanteni." Basi. Hakuuliza lini, hakuuliza kama amepita. Bosi aliisoma akanambia hebu toa faili ya huyu. Kazi ile alipewa mwingine aliyekuwa na uzoefu zaidi, lakini nafasi ilipotokea tena hatukutangaza, aliitwa yeye.

Hiyo ndo barua ya shukrani mie naiamini. Iende siku hiyo hiyo ama asubuhi inayofuata, mistari minne mitano, itaje kitu kimoja kilichozungumzwa mle ndani ili asome ajue ni wewe na si mwingine, na kama kuna swali ulilijibu vibaya hapo ndo pa kulisawazisha. Iandike kwa lugha mliyoongea ndani, na uitume kwa njia waliyokuitia wao. Wakikuita kwa imeli jibu pale pale kwenye imeli yao, usiende kuitafuta namba ya bosi ya WhatsApp kwa watu, hiyo ni namba yake ya nyumbani na mkewe na watoto wake. Na ofisi zetu za zamani hizi za Nkrumah Road na kule Mji wa Kale, ambazo mwenyewe yuko ndani toka asubuhi, bahasha ya mkono bado inafanya kazi vizuri sana, iache mapokezi, taja jina lako na umsalimie aliyeko pale kama mtu, manake ndiye atakayeipeleka.

Kufuatilia ni siku nyingine kabisa. Na kunaanzia ndani ya intavyuu, pale wanapokuuliza una swali lolote, uliza mtatujulisha lini na kwa njia gani. Wakisema wiki mbili ngoja ziishe, ongeza siku mbili tatu za kazi, kisha piga simu moja asubuhi kwenye saa nne hivi, useme jina, kazi uliyoomba, tarehe uliyokuja, na uulize kama uamuzi umeshafanywa. Usipige Ijumaa mchana, watu wako msikitini ama ndo wanatoka kula, na Ramadhani ofisi nyingi zinafunga mapema, piga asubuhi. Wasipojibu rudia mara moja baada ya wiki mbili, wakinyamaza tena endelea na maombi mengine. Kupiga kila siku hakumharakishi mtu, mie nimeona mtu mzuri anaanza kukwepwa simu yake kwa sababu hiyo tu.

Za hoteli zina msimu wake. Nyali, Bamburi, Shanzu, mpaka kule Diani, wanachukua watu kabla ya Desemba na kidogo kabla ya Julai na Agosti, halafu masika ya Aprili mpaka Juni wageni wanapungua, vibarua wanarudishwa nyumbani na zingine zinafunga kabisa zikarabatiwe. Kwa hivyo ukifanya intavyuu mwezi wa nne ukaona kimya usijihesabu umefeli, huenda nafasi yenyewe haipo mpaka wageni warudi. Andika tena Oktoba, uwakumbushe tarehe uliyokuja na kazi uliyoomba.

Za serikali ndo muwe makini zaidi, iwe kaunti, iwe bandari yenyewe, iwe wizara. Matangazo yao mengi yanasema kabisa chini kwamba anayejaribu kuwashawishi kwa njia yoyote anaondolewa, na ile asante yako tamu kwa mmoja wa wanapaneli inaweza kuhesabiwa humo humo. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 232 inataka kazi za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na uwezo wa mtu, kwa hivyo huko waache wafanye kazi yao. Asante yako toa kwa mdomo ukinyanyuka kwenye kiti, inatosha. Lakini si kwamba huna haki ya kujua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuandikia ofisi ya umma kuomba habari, na wanatakiwa waamue ombi lako haraka iwezekanavyo, isizidi siku 21. Barua rasmi kwa ofisi, ukiuliza nafasi namba fulani imefikia wapi, huko si kushawishi mtu. Na ukifuatilia ukaambiwa na yeyote, ya serikali ama ya binafsi, tuma kitu kidogo faili yako isukumwe, kata simu. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, na huyo mara nyingi hata faili yenyewe hana.

Kuna mtu mmoja ambaye karibu kila mtu anamsahau, na mie kusahauliwa kwake ndo kunanikera moyo zaidi. Ni yule aliyekutajia hiyo kazi. Hapa Mombasa wengi wetu kazi tumezisikia kwa ami, kwa jirani, kwa shangazi anayefanya kazi ya kufua hotelini, kwa mzee wa barazani aliyempigia rafiki yake akamwambia kuna mtoto wetu hapa. Mtu anachukua namba, anaenda intavyuu, halafu kimya. Ami akikutana na yule rafiki yake akaulizwa, mbona kijana wako hakuja, ama alikuja akafanyaje, hana la kusema, anabaki kukuna kichwa. Kesho ikitokea nafasi nyingine hatakutaja, na wala si kwa chuki, ameona haya tu. Mpigie usiku huo huo: "Shikamoo ami, nimeenda leo, wamenipokea vizuri, wamesema watajibu baada ya wiki mbili, asante sana kwa kunitaja." Ukipata mwambie, ukikosa mwambie vile vile. Huyu wala usimwandikie meseji, mpigie asikie sauti yako, na kama yuko karibu pita kwake ukamsalimie.

Wakikujibu kwamba hukuchukuliwa, andika tena, mistari miwili tu, asante kwa kunijulisha na ningefurahi mkinikumbuka nafasi ikitokea. Watu wanaofanya hivyo ni wachache mno, na CV zao mie huwa naziweka kwenye faili ya juu.

Na mabosi mnaosoma hapa, na sisi tunaokaa mapokezi, tuseme na letu pia. Mtu amevuka feri kutoka Likoni saa kumi na mbili, shati limepigwa pasi, amekaa kwenye benchi letu mpaka adhuhuri, halafu tunashindwa kumtumia hata meseji moja kwamba nafasi imechukuliwa. Orodha ya namba tunayo, meseji moja inaenda kwa wote kwa mara moja. Mie kwetu nimeomba niwe naituma mwenyewe kila tukimaliza kuchagua, nikakubaliwa, na simu za kuuliza zimepungua sana.