Lugha yako ya kubuni inamlazimisha msemaji aseme nini?

Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili akikaa chini kubuni lugha, ya kwanza kutoka huwa Kiswahili chenye maneno mageni. Nasema hivi baada ya miaka ya kubuni lugha za wahusika wa hadithi zangu na kusoma za wenzangu. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikiwa wasemaji wa Kiingereza. Wanaonywa wasidhani kila lugha hutenganisha mume na mke katika viwakilishi, wala wasidhani kiima lazima kisimame mbali na kitenzi. Sisi onyo hilo halitusaidii. Tuna mitego yetu.

Mkubwa kuliko yote ni kauli za vitenzi. Ukishabuni mzizi tu, mkono unakwenda wenyewe: pika, pikia, pikwa, pikiwa, pikisha, pikiana. Hata huoni kwamba hapo umefanya uamuzi. Lakini tazama "Nimempikia mgeni wali". Hiyo *-i-* ndogo katikati ya kitenzi imebeba habari nzima ya nani amepikiwa. Ing'oe, halafu uulize watu wako wangesemaje. Labda wana neno dogo la "kwa ajili ya". Labda wanapanga vitenzi sambamba, kama ilivyo katika Kiyoruba na lugha nyingine nyingi za Afrika Magharibi, ambako "kukata nyama kwa kisu" huweza kusemwa "kuchukua kisu kukata nyama". Ukichagua njia hii ya pili, hitaji la viunganishi na vihusishi linapungua sana na lugha nzima inaanza kutembea kwa mwendo mwingine. Sikatazi kauli ya kutendea, naipenda mno. Nataka iwepo kwa sababu umeichagua.

Kabla ya jedwali lolote la viambishi, basi, jiulize swali moja: msemaji wa lugha hii hana ruhusa ya kunyamazia jambo gani? Kiswahili hakijali kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, "amefika" inatosha. Ila kinataka ujue kama ni mtu au kitu, maana "kimefika" ni habari nyingine. Kituruki, kikisimulia yaliyopita, kinataka zaidi: *geldi* ni "alikuja" na msemaji anathibitisha, *gelmiş* ni "alikuja" kwa habari aliyosikia au dalili alizoziona baadaye.

Nimelichukua wazo hilo kwenye lugha ninayoijenga sasa, ya watu wanaovuna chumvi. *Tal orupa*: mvua ilinyesha, nimeiona. *Tal orupam*: mvua ilinyesha, nimeambiwa. Hiyo *-m* sikuiokota hewani. Zamani walisema *Tal orupa mena*, "mvua ilinyesha, nasikia", kisha *mena* ikalika kwa kusemwa kila siku hadi ikabaki konsonanti moja iliyonata kwenye kitenzi.

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi. Usibuni kiambishi, buni neno kamili, halafu lichakaze. Kiswahili chenyewe kimepita njia hiyo. *-ta-* ya wakati ujao imetokana na kitenzi *taka*, na ushahidi bado tunao vinywani: tunasema "atakuja", lakini tukiweka urejeshi tunasema "atakayekuja", na *taka* nzima inajitokeza tena. Sarufi iliyoishi huacha mabaki ya namna hii. Kwa hiyo kwa wavuna chumvi wangu *mena* imebaki kamili kwenye maswali. *Tal orupa mena?* Umesikia kama mvua ilinyesha?

Ukishapata kiambishi chako, kipeleke kwenye kona zake, yaani nafsi, ukanushi na nyakati zote. Nafsi ya kwanza huwa na utamu wake. "Nililala, nimeambiwa" inaonekana upuuzi, lakini Waturuki wana *uyumuşum*, ambayo ni kama sisi tunavyosema "Kumbe nililala!" Usingizi ulinipitia na ndiyo kwanza nagundua. Kwa hiyo *-m* kwenye nafsi ya kwanza inakuwa "kumbe" ya wavuna chumvi wangu, bila kubuni neno jipya. Ukanushi ni mgumu zaidi. Ukikanusha *orupam*, unasema "nimesikia kwamba haikunyesha" au "sijasikia kwamba ilinyesha"? Ni mambo mawili tofauti kabisa, na lugha lazima iamue mahali pa kuweka "si".

Kuhusu ukiukaji wa kanuni, watu hupenda kuunyunyiza ili lugha ionekane halisi. Usinyunyize, utafutie chanzo. Kwa nini tunasema "anakula" lakini "akila"? Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na *-na-* haikubali kubebeshwa mkazo wakati *-ki-* inakubali. *-ku-* inaingia kuupokea. Kinachoonekana ni vurugu, chini yake kuna sababu ya kimatamshi.

Bila shaka lugha zilizobuniwa ili mataifa yaelewane zina haki ya kukimbia vurugu hizo. Zamenhof alipochapisha Kiesperanto mwaka 1887 aliweka kanuni kumi na sita, na hata yeye alibaki na *-n* ya yambwa, yaani ya anayetendwa: *La hundo mordis la katon*, mbwa alimuuma paka, na unaweza kugeuza mpangilio wa maneno bila kumgeuza aliyeumwa. Wengine hadi leo wanailalamikia kuwa mzigo. Mimi naiona bei nzuri kwa uhuru huo. Kumi Attobrah wa Ghana, katika Afrihili, lugha aliyoibuni mwaka 1970, alifanya wingi kwa kubadilishana irabu ya mwanzo na ya mwisho: *omulenzi*, mvulana, huwa *imulenzo*. Kwenye karatasi inavutia. Mdomoni, nadhani ulimi unalazimika kuhesabu kabla ya kusema.

Ngeli nitazipitia haraka, kwa kuwa tunazijua. Zinagharimu marudio mengi ("kisu changu kikali kimepotea"), na zinavutia zikianza kuvuja: "kiongozi wetu amefika", si "chetu kimefika". Pia jaribu kuingiza neno geni uone linatua wapi. Lugha iliyoweza kutoa "vipilefti" kutoka *keep left* ya Kiingereza ina ngeli zenye afya.

Kwa majaribio, achana na "paka ameona mbwa". Andika mapishi, maelekezo ya njia, tusi, na mtu anayedai deni kwa adabu. Ya mwisho ndiyo inayofichua mengi. Mvuna chumvi akimwambia mdeni wake "umelipwa" bila *-m*, anamtuhumu, kana kwamba alisimama mlangoni akiangalia hela zinahesabiwa. Akiweka *-m*, ni kama "nasikia umelipwa, ndugu yangu", na mdeni ana nafasi ya kukataa bila mtu kuitwa mwongo. Sasa *-m* ni ya heshima pia, na nalazimika kurudi kwenye mazungumzo yote niliyokwisha andika kuona nani anaitumia kwa nani.