Boma la Zahanati Limesubiri Paa Miaka Mitatu

SWALI
Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Kila kaya ilichanga, tukafyatua na kuchoma matofali, tukasomba mchanga korongoni kwa mikokoteni ya punda, hadi boma la zahanati likafika kwenye lenta. Tuliahidiwa kwamba halmashauri itapaua. Huu ni mwaka wa tatu, majani yameota ndani ya chumba tulichokusudia kiwe cha kujifungulia, na kila tukiuliza tunajibiwa kwamba fedha za Serikali Kuu hazijaja. Lakini ushuru wa mnadani unakusanywa kila wiki. Je, halmashauri haiwezi hata kununua mabati kwa mapato yake?
Mjumbe wa kamati, Dodoma

JIBU
Ndugu mjumbe, uchungu wenu tunauelewa, kwa sababu wananchi wanaotoa jasho lao kwanza ndio wenye haki ya kwanza ya kujibiwa. Jibu mlilopewa huenda ni la kweli, ila halijakamilika.

Halmashauri ina mifuko miwili. Ruzuku ya Serikali Kuu ndiyo mkubwa, nayo hulipa mishahara ya walimu na wahudumu wa afya. Fungu hilo kwa kawaida hufika. Linalopungua au kuchelewa ni la miradi ya maendeleo na la matumizi mengineyo, yaani gharama za uendeshaji wa kila siku, kwa kuwa makusanyo ya taifa yakiwa haba, ni rahisi zaidi kuahirisha paa la zahanati kuliko mshahara wa muuguzi.

Mfuko wa pili ni mapato ya ndani, na hapa ndipo wilaya za mikoa ya kati zilipobanwa zaidi. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na wananchi wengi walishusha pumzi, kwani namna ilivyokuwa ikikusanywa ilidhalilisha watu. Halmashauri zikawekewa ruzuku ya fidia, yaani chanzo chao wenyewe kikageuka kuwa kitu cha kusubiri kutoka juu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Alizeti ya shilingi milioni 10 iliyokuwa ikiingiza shilingi 500,000 ikawa inaingiza 300,000. Nafuu hiyo kwa mkulima ilikuwa ya haki na hatutaki irudishwe nyuma; lakini katika wilaya inayotegemea alizeti, ufuta na mifugo, pengo lililobaki halina wa kuliziba kwa urahisi.

Wengi hutuuliza mbona Jiji la Dodoma linaweza kujenga kwa mapato yake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipovunjwa mwaka 2017, ardhi iliyokuwa chini yake ilihamia manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikapandishwa kuwa jiji, na uuzaji wa viwanja ukaiingizia fedha nyingi wakati watumishi wa Serikali wakihamia. Wilaya jirani haina ardhi yenye soko kama hilo, na hata kwa jiji, kiwanja kikishauzwa kimeuzwa.

Kuhusu ushuru wa mnadani, kumbukeni kwamba sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyokwisha kupangiwa kazi maalumu, kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Baada ya hapo kuna vikao vya madiwani, mafuta ya magari na miradi mingine. Kinachobaki ni kidogo, na kosa tunaloliona sisi ni kukigawa kidogo hicho kwa maboma mengi, ili kila kata ionekane imepata, na hatimaye lisimalizike hata moja. Heri zahanati moja iliyoezekwa na yenye mhudumu kuliko kuta tano zinazonyeshewa. Uamuzi huo unahitaji madiwani wenye ujasiri wa kuwaambia watu wao wasubiri zamu, na wananchi walio tayari kuonyeshwa orodha ya zamu hiyo.

Nanyi mna kazi. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo mnaweza kudai taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, na kumwomba diwani wenu aeleze boma lenu ni la ngapi katika mpango. Mnadani, kila anayelipa ushuru adai risiti ya mashine ya POS, kwa kuwa fedha isiyo na risiti haitafika kwenye bati lolote.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo mwandikieni mkurugenzi sasa, nakala kwa mtendaji wa kata, mkiomba mhandisi wa halmashauri aje kukagua kuta zilizonyeshewa misimu mitatu na kuandika makadirio ya kupaua. Karatasi hiyo ipitishwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla ya Desemba, ili ombi lenu lifike kwa madiwani likiwa na idadi ya mabati, mbao na fedha kamili.